Mwaka Dada Viota Alipohesabu Mara Mbili

Watu wa gatini wamempandisha cheo mara mbili bila kumwongezea chochote. Alipoanza kazi ya kuhesabu viota vya ndege kule mwambani walimwita Dada Viota. Wanawe walipoanza kumpita kimo akawa Mama Viota. Siku hizi akishuka kwenye boti na begi lake la turubai, hata wanaume wenye mvi wanamwamkia, "Shikamoo, Bibi Viota," naye anaitikia marahaba huku akitafuta viatu vyake vikavu. Misimu thelathini na mmoja, mmoja kila mwaka, hajakosa hata mmoja. Aliikosa harusi ya mdogo wake wa kike, na mdogo mtu mpaka leo akimwona mbele za watu husema, "Huyu dada yangu amewahesabu buabua wote, ila mimi hakunihesabu."

Kazi yenyewe ukiisikia juu juu utaiona ya kitoto. Kuna mwamba baharini, mwendo wa saa moja kwa boti ya injini, mkubwa kama uwanja wa mpira na nusu yake. Hauna mti wala maji ya kunywa. Kila mwaka buabua huja hapo kutaga, ndege weupe wenye utosi mweusi kama waliovaa kofia, wenye kelele kuliko soko. Kiota chao ni kijishimo tu kwenye jiwe na vipande viwili vitatu vya changarawe. Ukikiita kiota unakiheshimu tu. Anayehesabu hahesabu ndege, maana ndege ukimhesabu hapa anaruka kwenda kuhesabiwa tena kule. Anahesabu viota vyenye ndege aliyelalia yai. Aliyelalia hana mchezo wa kuhamahama.

Mwalimu mstaafu aliyeianzisha kazi ile alichora mistari ya rangi ya njano juu ya mwamba, akaugawa miraba kumi na miwili: sita ya karibu na kibanda cha mbao anakokaa mhesabu, sita ya mbali. Akaacha na masharti. Kibanda kiwe kilekile, juma lilelile la mwaka, asubuhi jua likiwa mgongoni. Uhesabu kwa macho matupu, kwa sababu darubini hukuonyesha ndege mmoja vizuri mpaka unasahau ulikuwa mraba gani. Kila mraba uuhesabu mara tatu, uchukue namba ya katikati. Zikipishana kwa zaidi ya tano, futa, anza upya. Na siku anamkabidhi Dada Viota ufunguo wa kibanda alimwambia, "Mwanangu, kinachobadilika wawe ndege. Wewe usibadilike."

Dada Viota aliyashika masharti hayo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Tena aliongeza lake. Fomu ya ofisi iliyomwajiri ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha jumla. Yeye alikuwa na daftari lenye jalada gumu, akiandika humo kila mraba peke yake, namba zote tatu, kwa kalamu ya risasi. Hakuna aliyemtuma. Shuleni aliambiwa mara nyingi mno kwamba ni mzito wa kuelewa, basi akazoea kuweka kila hatua ya hesabu yake kwenye karatasi, ili mtu akija kumwambia amekosea aonyeshwe alikokosea.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka saba. Jumla ikawa inashuka, si kwa kishindo, ila inashuka. Mwaka wa kwanza mia nane na ishirini. Mwaka wa saba mia saba thelathini. Mkuu wa ofisi, mwanamume mnene mwenye kujikuna shingo akiwa na wasiwasi, alianza kujikuna. Akaandaa safari ya wataalamu waje kukagua mwamba, wajue kinachowasibu ndege ni nini.

Sasa, kabla ya msimu wa nane kufika, mume wa Dada Viota alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mumewe ni fundi cherehani, na fundi asiyeweza kutunga uzi amebaki na kanyagio tu. Wakafunga safari pamoja hadi zahanati, alikokuja daktari wa macho na sanduku lake la vioo. Fundi akapimwa, akaambiwa ni umri. Daktari alipokuwa anaandika, akamgeukia mke, labda kwa kupitisha muda tu.

"Na wewe mama, hebu nisomee lile bango."

Dada Viota akasoma mstari wa juu, akasoma wa pili, akanyamaza.

"Endelea."

"Niendelee wapi?"

"Chini ya hapo."

"Kwani hapo chini pameandikwa kitu?"

Mumewe alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Daktari yeye hakucheka. Alimvalisha vioo, akabadilisha kimoja, akabadilisha kingine, na mistari ikaanza kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine. Alirudi nyumbani na miwani yenye fremu ya kahawia, na jambo la kwanza aliloliona ni dari ya jiko lake.

"Baba watoto! Utando wote huu! Na wageni wanaingia humu, wanakula, wananyamaza!"

"Mimi nilidhani unaufuga," mumewe akasema.

Siku ya kwenda mwambani ikafika. Mwendesha boti alikuwa yule wanayemwita Breki, kwa sababu kila akikaribia gati hupiga kelele "Breki! Breki!" kisha akaligonga. Alipoiona ile miwani akashika kiuno. "Haya makubwa. Miaka yote mnasema nahodha ndiye amevaa miwani, leo nahodha mkavu, abiria ndiye kavaa." Kwa watu wa gatini kuvaa miwani ni kulewa, na Breki alikuwa na historia yake. Wakaenda wakicheka.

Alihesabu siku tatu, akimaliza kila mraba kwa masharti yake. Jumla ikatoka mia nane na kumi na saba.

Mkuu alipoipata ile fomu alisimama. "Mia nane na kumi na saba? Kutoka mia saba thelathini?" Akaupiga mkono mezani. "Wamerudi! Dada Viota, wamerudi!" Hapohapo akapiga simu makao makuu. Ile safari ya ukaguzi ikafutwa, maana utamkagua nani naye amepona? Badala yake wakubwa wangekuja baada ya siku kumi kupongeza, na fundi rangi akaagizwa aandike namba hiyo kwenye ubao mkubwa pale gatini. Ofisi nzima ikampa mkono. Dada Viota akarudi nyumbani kichwa juu, na kwa nini asirudi hivyo?

Alasiri ile aliketi mezani kunakili namba kwenye daftari lake, mumewe akishona dirishani. Alipofika mraba wa sita kalamu ikasimama. Akarudi nyuma kurasa kadhaa. Akaenda mbele. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Vipi, mama watoto?"

"Sikiliza. Miraba ya karibu, mwaka jana viota mia nne na ishirini. Mwaka huu mia nne kumi na viwili. Wamepungua."

"Si umesema wameongezeka?"

"Walioongezeka wote wako mbali. Mbali mwaka jana mia tatu na kumi. Mwaka huu mia nne na tano." Akaishika ile miwani kwa vidole viwili kama anayeshika kitu cha moto. "Ndege hawakuja, Fundi. Walikuwepo. Mimi ndiye sikuwa nawaona."

Cherehani ikanyamaza.

"Mkataba wako ni wa msimu," Fundi akasema. "Ukienda kumwambia Mkuu maneno hayo, ubao umeshapigwa rangi, utamwaga unga hapohapo. Na hawataishia mwaka huu. Watasema miaka saba yote ni takataka."

"Najua."

"Na usipokwenda?"

"Hakuna atakayejua. Mwakani nitahesabu kwa miwani, na mwaka unaofuata, na kila kitu kitaonekana sawa." Akalifunga daftari. "Na ile safari ya kutafuta kinachowaua ndege haitakuja tena."

Fundi akalitazama lile daftari. "Basi ukienda usiende mikono mitupu," akasema. "Mimi mteja akilalamika suruali imebana, simbishii. Nachukua futi, nampima mbele yake."

Kesho yake alfajiri Dada Viota alikuwa gatini. Breki alishangaa: kazi si imekwisha?

"Imekwisha kwa macho mapya," akamwambia. "Sasa nataka kuifanya kwa macho ya zamani."

"Dada, sasa ni kweli umevaa miwani."

"Leo naivua. Washa injini."

Alikaa kibandani siku tatu nyingine, miwani ikiwa ndani ya begi, begi likiwa nje ya mlango ili asije akashawishika. Alijilazimisha kuhesabu vilevile kama miaka yote, bila kukunja macho, bila kubahatisha. Hilo ndilo lililomtaabisha. Alishajua sasa kwamba kule nyuma, kwenye weupe ulioungana na mawe, kuna ndege wamelala, na kidole kilikuwa kinamwasha kukibonyeza kidude cha kuhesabia alichokishika. Hakubonyeza. Asichokiona hakukihesabu. Miraba ya karibu ilitoka mia nne na kumi na moja, tofauti ya kiota kimoja. Ya mbali ikatoka mia tatu na tatu.

Kutoka gatini alikwenda moja kwa moja ofisini, chumvi ikiwa bado mikononi. Mkuu alikuwa anapanga viti vya wageni. Alimsikiliza akiwa amesimama, kiti mkononi, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyokishusha.

"Ngoja, nikuelewe," akasema. "Unataka niwaandikie makao makuu kwamba miaka saba tumehesabiwa na mtu asiyeona?"

"Asiyeona mbali, Mkuu."

"Oo, ahsante, mbali!" Akajikuna shingo mpaka ikatoka alama. "Dada Viota, mimi nakuheshimu. Nenda nyumbani. Ulale. Ukiamka, hujaniambia kitu."

"Nimeshalala, Mkuu. Niliamka nalo vilevile."

"Unajua watakachonifanya?"

"Watakachokufanya sikijui. Andika tu kwamba mhesabu ndiye aliyekosea, na ndiye aliyesema. Yote mawili."

Mkuu akakiacha kiti. Akatoka nje, akazunguka gari la ofisi mara mbili, akarudi, akanyanyua simu. Sauti aliyotumia haikuwa ile ya siku ile nyingine.

Wageni hawakuja siku ya kumi. Alikuja mmoja tu, siku ya sita, mtaalamu wa takwimu, mwanamke mwembamba aliyemzidi Dada Viota vyeti lakini si umri. Akaketi, akafungua kompyuta yake, hakutaka hata maji.

"Dada, nitasema wazi," akaanza. "Kama macho yalikuwa mabovu, pengine yaliharibika kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza labda ulikuwa unaona vizuri kabisa. Basi siwezi kusahihisha kitu. Itabidi nifute miaka saba yote, na tuanze leo kama hatukuwahi kuhesabu."

Mkuu aliinamisha kichwa. Dada Viota alilitoa lile daftari lenye jalada gumu, akaliweka mezani, akalisukuma taratibu.

"Mimi sijui kusahihisha," akasema. "Ila kila mraba umo humo."

Mtaalamu akafungua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Uliandika mraba kwa mraba? Nani aliagiza?"

"Hakuna."

"Tangu mwaka wa kwanza?"

"Siku ya kwanza."

Yule mwanamke akavuta kiti mbele na kuanza kugonga vitufe. Mwaka wa kwanza: karibu mia nne na sabini, mbali mia tatu na hamsini. Akagonga. Mwaka wa pili akagonga. Mwaka wa tatu. Ukutani saa ilikuwa inakwenda, na Dada Viota, akiwa upande wa pili wa chumba, aliweza kuusoma mshale wa sekunde.

"Robo tatu," mtaalamu akasema, kama anayesema na kompyuta. "Kila mwaka, mbali ni kama robo tatu ya karibu. Wa kwanza robo tatu, wa saba robo tatu. Na juzi, ulipovua miwani?"

"Mia tatu na tatu. Kwa mia nne na kumi na moja."

Akagonga. "Na ulipovaa, ni karibu sawa kwa sawa." Akainua uso. "Kati ya viota vinne vya mbali ulikuwa unaviona vitatu. Si siku moja, miaka yote saba, bila kupanda wala kushuka. Dada, haya macho yako yalikuwa hivi tangu lini?"

Dada Viota alifikiri. Alikumbuka darasa, na jinsi alivyokuwa mrefu akawekwa nyuma, na ubao uliokuwa kama moshi. Alidhani ubao ni moshi kwa kila mtu, ila wenzake ni hodari wa kukisia.

"Nadhani nilizaliwa nayo," akasema.

Kisha Mkuu akauliza, pole pole, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo miaka saba haifutwi. Inasahihishwa, na nitaeleza chini ya jedwali kwa nini." Mtaalamu akaigeuza kompyuta wote waone mstari. Haukuwa umepanda tena mwishoni. Ulikuwa unateremka kutoka mwanzo, bila kupumzika. "Mwaka wa kwanza vilikuwa viota kama mia tisa thelathini na saba. Sasa mia nane na kumi na saba. Mia moja na ishirini vimepotea, Mkuu, na tulikuwa tunapanga viti vya kushangilia."

Mkuu akakiangalia kiti chake mwenyewe, kama kinamchoma.

"Swali langu la mwisho," mtaalamu akasema. "Mwakani nani atahesabu?"

Dada Viota akalivuta daftari lake karibu. Mkuu akajikuna shingo. Mtaalamu hakumngoja. "Mimi nimekagua vituo kumi na vinne. Kwingine kote mhesabu akikosea, kosa limezama ndani ya jumla, na huko halitoki milele. Hiki ndicho kituo pekee ambacho kosa limekuja lenyewe ofisini, kwa miguu, na vielelezo mkononi. Ningekuwa wewe nisingetafuta mtu mwingine."

"Nani kasema natafuta?" Mkuu akafoka, kama aliyeonewa. "Huyu ni wetu! Wewe andika tu hayo ya chini ya jedwali."

Ubao wa gatini ukapakwa rangi nyeupe tupu. Ile safari ya ukaguzi ikarudishwa, na kabla ya mwezi kwisha wataalamu wakakuta maganda ya mayai yaliyotafunwa kwenye nyufa za upande wa nyuma, miraba ileile ya mbali. Panya. Walivuka na majahazi yaliyobeba mawe mwaka ulipojengwa mnara wa taa pembeni mwa mwamba, wakajificha, wakazaana. Kuwamaliza kulichukua misimu miwili ya mitego na sumu, na Breki mpaka leo huapa kwamba nusu aliwaua kwa kuligonga gati. Fomu ya ofisi nayo ikabadilishwa. Ina visanduku kumi na viwili, na vituo vyote kumi na vinne vinaitumia, ingawa wengi wanaoijaza hawajui imetoka kwenye meza ya nani.

Dada Viota, sasa Mama Viota, aliendelea. Kila baada ya miaka miwili anakwenda kupimwa macho kabla ya msimu, na akibadilishiwa vioo anahesabu mara mbili, kwa vya zamani na kwa vipya, bila kuambiwa. Fundi husema ana wake wawili, mmoja wa vioo vya zamani na mmoja wa vipya.

Msimu wa kumi na mmoja ndio wa kwanza baada ya panya kwisha. Alihesabu siku tatu, akafuta mraba mmoja akauanza upya kwa sababu ya tofauti ya sita, na asubuhi ya nne akaita ofisini kwa redio ya boti, upepo ukimkatakata maneno.

"Mkuu, andika. Mia nane na hamsini na tisa."

Upande wa pili kulikuwa na mgeni kutoka makao makuu, na sauti yake ilisikika hadi botini. "Wameongezeka kwa arobaini? Mwulize kama ana hakika. Mwambie arudie."

"Hakuna kurudia," Mkuu akasema, na Mama Viota alisikia kalamu yake ikipita kwenye karatasi. "Huyu akisema wapo, wapo. Nisomee miraba, mama. Wa kwanza?"

"Sabini na sita," akasema Mama Viota, akafungua daftari kwenye mapaja yake, akaanza kumsomea.